Kuvisha nyonga kofia ya chuma kwa mwenye displasia: mwongozo kamili kuanzia vipimo hadi mwaka wa kwanza

Maumivu yalianzia kwenye kinena. Kwa muda mrefu mdogo wangu aliamini ni msuli aliouumiza kwenye netiboli, akawa anajichua, anapumzika siku chache, kisha anarudi uwanjani. Alipofika miaka 36 alishindwa kuvaa soksi ya mguu wa kushoto bila kusaidiwa. Daktari bingwa wa mifupa hapa Uingereza aliitazama eksirei, akatuambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: nyonga imesagika, lakini michezo haina kosa. Bakuli la nyonga halikukua vizuri tangu utotoni, hali inayoitwa displasia.

Siku hiyohiyo tukasikia kwa mara ya kwanza habari za upasuaji wa kuvisha kichwa cha fupa la paja kofia ya chuma, ambao hospitalini huitwa risafesingi. Tulitoka na matumaini makubwa na maswali mengi. Mimi si daktari. Niliyoandika hapa ni yale tuliyoyapata kwa kuuliza, kusoma na kusindikizana kliniki kwa miaka miwili, na nayaandika kwa ajili ya aliyekaa leo pale tulipokuwa tumekaa sisi. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini narudia neno vipimo. Kwa nyonga ya aina hii, milimita na nyuzi ndizo zinazoamua, na ni haki yako kuzijua kabla hujatia saini.

Hatua ya kwanza: ijue nyonga yako kwa namba

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha fupa la paja kinachozunguka ndani ya bakuli la fupanyonga. Kwa mwenye displasia, bakuli hilo lina kina kifupi na mdomo wake umeinuka, kwa hiyo halikifuniki kichwa sawasawa. Uzito wa mwili ambao ungetawanyika bakuli zima unabebwa na ukingo mwembamba. Gegedu, ule utando laini unaofunika mifupa ndani ya kiungo, ndiyo inayosagika kwanza pale ukingoni, na mtu anaanza kuchechemea akiwa na miaka 30 au 40, wakati wenzake wa rika moja hawajui hata nyonga inauma vipi.

Hali hii huwapata zaidi wasichana, wazaliwa wa kwanza, waliotanguliza matako tumboni, na wenye ndugu wa damu aliyekuwa nayo. Jinsi mtoto anavyofungwa nayo ina uzito wake. Jamii zinazomviringisha mtoto huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja huona displasia nyingi. Kwetu mtoto anabebwa mgongoni kwa kanga, miguu imepanuka na mapaja yameukumbatia mwili wa mama, na huo ndio mkao unaokisukuma kichwa cha paja ndani ya bakuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Malawi uliwaangalia watoto zaidi ya 40,000 katika kliniki za mifupa bila kumpata hata mmoja aliyeletwa kwa displasia yenye dalili. Bibi zetu walijua walichokuwa wanakifanya.

Ndiyo maana Afrika Mashariki kijana mwenye nyonga iliyoharibika mara nyingi ana tatizo lingine: kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu, hasa kwa wenye selimundu. Usidhani ni ugonjwa uleule. Mfupa uliokufa kwa sehemu kubwa hauwezi kuishikilia kofia, kwa hiyo mengi ya mwongozo huu hayamhusu mgonjwa huyo.

Omba eksirei ya fupanyonga zima, pande zote mbili kwa picha moja, na kama unaweza kusimama ipigwe ukiwa umesimama. Kisha muulize daktari namba hizi, uziandike:

– Pembe ya Wiberg, yaani kiasi ambacho bakuli limekifunika kichwa kwa juu. Zaidi ya nyuzi 25 ni kawaida, chini ya 20 ni displasia, na katikati ni mpakani.
– Daraja la Crowe, mgawanyo wa mwaka 1979 unaoonyesha kichwa kimepanda juu kiasi gani kutoka mahali pake. Ni madaraja manne. La kwanza ni dogo. La nne, kichwa kimetoka kabisa.
– Kipenyo cha kichwa cha paja kwa milimita.
– Tofauti ya urefu wa miguu.
– Msokoto wa shingo ya fupa la paja, ambao hupimwa vizuri kwa CT skani.

Mdogo wangu alikwenda miadi tatu bila kupewa hata namba moja kati ya hizi. Alikuwa hajauliza, na hakuna aliyejitolea kumwambia.

Hatua ya pili: uliza kama nyonga yako mwenyewe bado inaokoleka

Kama gegedu bado ipo na umri ni mdogo, kuna upasuaji wa kulikata fupanyonga kuzunguka bakuli, kuligeuza bakuli likifunike kichwa, kisha kulifunga kwa skrubu. Unajulikana kwa herufi PAO. Ulianzia Bern, Uswisi, mwaka 1984 kwa mkono wa daktari Reinhold Ganz na wenzake. Ni upasuaji mkubwa na kupona kwake ni kwa taratibu, lakini unabaki na kiungo chako ulichozaliwa nacho. Gegedu ikishakwisha, mfupa unasuguana na mfupa, kugeuza bakuli hakusaidii tena. Kwa hiyo swali hili liulizwe kwanza, na liulizwe kwa daktari anayeufanya upasuaji huo. Asiyeufanya huwa hautaji.

Hatua ya tatu: pima kama kofia ya chuma inakufaa

Hapa tutakaa kidogo.

Katika kubadilisha nyonga nzima, kichwa na sehemu ya shingo ya paja hukatwa na kuondolewa, na shina la chuma hutumbukizwa ndani ya mfupa. Katika kuvisha kofia, kichwa kinabaki. Kinachongwa, kinavishwa kofia ya chuma, na ndani ya bakuli kinapigiliwa kikombe chembamba cha chuma. Kofia na kikombe vyote ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Faida yake inaeleweka: mfupa wa paja unahifadhiwa, kiungo chenye kichwa kikubwa hakitoki mahali pake kirahisi, na kikija kuharibika bado unaweza kubadilishiwa nyonga nzima. Kwa mtu wa miaka 40 anayetaka kuendelea kukimbia au kufanya kazi nzito, hilo si jambo dogo.

Njia hii kwa sura yake ya sasa ilijengwa Birmingham na daktari Derek McMinn, aliyeanza mwaka 1991; kiungo kinachoitwa Birmingham Hip Resurfacing kilianza kutumika mwaka 1997, na Marekani walikiidhinisha mwaka 2006. Baadaye mambo yaligeuka. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliviondoa sokoni viungo vyake vya ASR kwa sababu wagonjwa wengi mno walikuwa wanarudi kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 2015 kampuni ya Smith & Nephew, wenye kiungo cha Birmingham, waliacha kuuza saizi za kichwa za milimita 46 kushuka chini na wakasema kiungo hicho kisiwekewe wanawake.

Kwa nini wanawake na saizi ndogo? Chuma kikizunguka juu ya chuma kinahitaji utando mwembamba wa majimaji katikati. Kofia kubwa iliyofunikwa vizuri inautunza utando huo. Kofia ndogo ina eneo dogo la kukutana na kikombe, kwa hiyo kosa dogo la pembe linatosha kuifanya isugue ukingo wa kikombe. Hapo vinatoka vumbi la chuma na ayoni, yaani chembechembe ndogo mno, za kobalti na kromiamu. Vinaingia kwenye damu, na tishu zinazozunguka nyonga zinaweza kuvimba na hata kuoza.

Sasa weka displasia juu ya hayo. Wengi wenye displasia ni wanawake wenye mifupa midogo. Hilo ni tatizo la kwanza. La pili, bakuli halina kina, kwa hiyo kikombe ama kinaning'inia nje bila mfupa wa kukishika, ama daktari anakisimamisha mno ili kipate pa kushika, na kikombe kilichosimama ndicho kinachosugua ukingo. Pembe inayotafutwa ni nyuzi 40 hadi 45. Vipo vikombe maalumu vya displasia vyenye mahali pa kuingizia skrubu ndefu kwa juu, lakini vinataka mkono uliozoea. La tatu ni msokoto. Katika kubadilisha nyonga nzima daktari anaweza kuurekebisha kwa kuligeuza shina. Katika kuvisha kofia, kofia inaelekea kule shingo yako inakoelekea. La nne ni urefu. Kama mguu ni mfupi kwa sentimita tatu, usitegemee kofia iurudishe, kwani inaongeza karibu sentimita moja tu.

Ndiyo sababu rejesta ya viungo bandia ya Australia inaonyesha kwamba kofia zilizowekwa kwa sababu ya displasia hurudiwa upasuaji zaidi kuliko zilizowekwa kwa kusagika kwa kawaida. Huo ndio ukweli. Usiruhusu mtu akufiche.

Kwa maoni yangu, baada ya yote tuliyoyaona, kofia ya chuma inafaa kufikiriwa na mwanaume aliye chini ya miaka 65, mwenye displasia ndogo ya daraja la kwanza la Crowe au la pili jepesi, kichwa cha milimita 48 au zaidi, mfupa mgumu, figo nzima, na miguu inayokaribia kulingana. Kama kichwa kina mashimo makubwa, kama mifupa imeanza kuwa myepesi, kama una mzio wa chuma au figo zako zinasuasua, achana nayo. Mwanamke anayetarajia kuzaa asikubali chuma kwa chuma, kwa sababu ayoni hizo huvuka kondo la nyuma.

Mdogo wangu alipimwa milimita 44. Alilia ndani ya gari. Tulikuwa tumeshamtazama mcheza tenisi Andy Murray, aliyevishwa kofia ya chuma London Januari 2019 na kufikia Oktoba mwaka huohuo akashinda mashindano ya Antwerp, tukajiambia kama yeye kaweza, sisi je? Lakini mfupa wa mwanaume yule mrefu haukuwa mfupa wa mdogo wangu. Alibadilishiwa nyonga nzima, kichwa cha kauri, na leo anatembea kilomita tano. Katika chumba cha kusubiri tulikutana na kaka mmoja kutoka Bukavu, naye ana displasia, ila ndogo, kichwa milimita 52. Yeye alivishwa kofia. Tumekuwa kama ndugu, na mengi ya hatua zinazofuata nimeyaona kwake.

Kuna kofia na vikombe vya kauri tupu visivyo na chuma, ambavyo vimeanza kuwekwa kwa wagonjwa tangu 2017 na 2018, wanawake wakiwemo. Vinaondoa hofu ya ayoni. Historia yake bado ni fupi, kwa hiyo ukipewa nafasi hiyo uliza kama ni sehemu ya utafiti na utafuatiliwa kwa miaka mingapi.

Hatua ya nne: mchague daktari kabla ya hospitali

Ni upasuaji ambao mkono wa daktari unabeba nusu ya matokeo. Muulize ameshavisha kofia ngapi, na kati ya hizo ni ngapi zilikuwa za displasia. Muulize wangapi wamerudi mezani. Uingereza ina rejesta ya taifa ya viungo bandia tangu 2003, na mwaka 2014 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu huku, iliweka kipimo kwamba kiungo kikubalike tu kama wanaorudiwa hawazidi 5 katika kila 100 ndani ya miaka 10. Mshike daktari kwa kipimo hicho. Muulize pia: akiingia ndani akakuta mfupa haufai, yuko tayari kubadilisha nyonga nzima palepale, na vifaa vyake vipo mezani? Jibu zuri ni ndiyo, nawe utie saini ya kukubali yote mawili.

Madaktari wenye uzoefu wa kofia wapo wachache, Birmingham na London, Ghent huko Ubelgiji, baadhi ya miji ya Marekani, na Chennai nchini India, mji ambao wagonjwa wengi wa Tanzania na Kenya wanaufahamu. Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na Nairobi, kinachopatikana kwa kawaida ni kubadilisha nyonga nzima. Usikione hicho kama makombo. Kwa displasia kubwa, ndicho ambacho hata daktari wa Birmingham angekushauri.

Ukisafiri kwenda mbali, panga bajeti ya mtu wa kukusindikiza, na usikate tiketi ya kurudi siku ya kumi. Damu kuganda mguuni wakati wa safari ndefu ya ndege ni hatari ya kweli. Tarehe ya kurudi aipange daktari. Na kabla hujaondoka nyumbani, hakikisha yupo daktari karibu nawe aliyekubali kukufuatilia baadaye.

Hatua ya tano: uandae mwili na nyumba

Acha sigara. Meno mabovu yazibwe au yang'olewe mapema, kwa sababu usaha wa kinywani unaweza kusafiri kwa damu mpaka kwenye chuma kipya. Pima wingi wa damu na sukari. Taja dawa zote unazotumia, za miti shamba na vidonge vya uzazi wa mpango pia. Fanya mazoezi ya misuli ya makalio na mapaja hata kama yanauma kidogo. Kaka wa Bukavu alianza miezi miwili kabla, na mtaalamu wa mazoezi tiba aliuona mguu wake siku ya pili akauliza amefanya nini.

Nyumbani, tatizo kubwa kuliko yote ni choo. Cha kuchuchumaa hakitumiki wiki za mwanzo. Nunua au tengenezesha kiti cha choo cha juu. Kitanda kiwe juu kiasi kwamba ukikaa, magoti yasipande juu ya nyonga. Godoro la chini haliwezekani. Mikeka na mazulia madogo yakunjwe yasikukwaze. Kwa anayeswali, weka kiti mahali pako pa kuswalia, rukuu na sijida ziwe kwa ishara mpaka uruhusiwe.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Utafunga kula kama ulivyoelekezwa. Utachomwa ganzi ya mgongo au kupewa nusu kaputi, utalazwa kwa ubavu, na mguu utawekwa alama kwa kalamu. Hakikisha alama iko mguu sahihi. Mara nyingi daktari huingilia nyuma ya nyonga, anakitoa kichwa, anaandaa bakuli na kukipigilia kikombe bila simenti. Mfupa wenyewe utakuja kuota juu ya uso wake wenye vitundu vidogo. Kofia ndiyo inayoshikwa kwa simenti ya mifupa. Hatua ya hatari ni kukichonga kichwa: chombo kikiigusa shingo na kuikata kwa juu, shingo inadhoofika na inaweza kuvunjika baadaye. Saa moja na nusu hadi mbili, zaidi kidogo kwa displasia.

Hatua ya saba: mwaka wa kwanza

Siku hiyohiyo au kesho yake utasimamishwa kwa magongo. Utapewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa takriban mwezi mmoja. Usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Wiki sita za mwanzo usiinamishe nyonga kupita nyuzi 90, usikunje nne, lala na mto katikati ya magoti. Watu husema kiungo kikubwa hakitoki, kwa hiyo masharti ya nini? Ni kweli hakitoki kirahisi. Lakini shingo yako ya asili ni nene, na ukikunja mno inagonga ukingo wa kikombe.

Miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kuogopa shingo ya paja kuvunjika. Huwapata mmoja au wawili katika kila mia. Ajabu yake ni kwamba huwapata pia wanaojisikia wazima, kwa sababu maumivu yameondoka kabla mfupa haujakomaa. Kaka wa Bukavu wiki ya nane alitaka kurudi kubeba mizigo ghala. Mkewe alimficha viatu vya kazi. Tembea, endesha baiskeli ya mazoezi, ogelea kidonda kikishafunga. Kukimbia na kuruka kungoje, mara nyingi mpaka mwaka utimie na eksirei ionyeshe mfupa umetulia. Gari, karibu wiki ya sita, kama unaweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Nenda hospitali haraka ukiona kigimbi kimevimba na kuuma, pumzi zinakata ghafla, kidonda kinatoa majimaji, homa, au maumivu makali mapya ya kinena ukikanyaga. Hilo la mwisho lipigwe eksirei siku hiyohiyo. Mguu ukining'inia usiweze kuinua kifundo, mshipa wa fahamu umeguswa; sema mapema.

Hatua ya nane: ufuatiliaji usioisha

Kofia ya chuma ina miadi ya maisha. Eksirei kila baada ya muda, na kipimo cha damu cha kobalti na kromiamu. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Uingereza, MHRA, imeweka mstari kwenye mikrogramu 7 kwa lita: ukivuka, unapimwa tena na unafanyiwa MRI ya aina inayopunguza kivuli cha chuma. Usisubiri kuumwa, kwani uvimbe unaweza kukua kimya. Kaka huyu hupimwa kila mwaka, na kila mara hutuma majibu kwenye kundi letu la WhatsApp kabla hajampigia hata mama yake.

Na omba nakala ya stika. Kila kofia na kikombe huja na stika zenye jina, saizi na namba ya toleo, ambazo hubandikwa kwenye faili lako chumba cha upasuaji. Viungo vya ASR viliporudishwa mwaka 2010, mgonjwa ambaye hakujua amewekewa nini ilimbidi aanze kutafuta faili. Zipige picha, tunza moja kwenye simu, nyingine mpe mtu unayemwamini, na ya tatu iweke pamoja na pasipoti.